Mama anataka kurudi Mikindani kwa basi: nimpeleke au niache?

"Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 72, naishi naye Mbagala tangu baba alipofariki. Ana kisukari mwaka wa 14 sasa, anachoma insulini ya mchanganyiko asubuhi na jioni, anameza metformin, amlodipine na dawa ya maji. Magoti yanamsumbua. Kwao ni Mikindani, na hajakanyaga huko miaka 11. Nina siku nne za Pasaka, Ijumaa mpaka Jumatatu. Nimepanga twende kwa basi, tulale Mtwara mjini, nimfikishe kwao, na siku moja twende Msimbati akaoge baharini, maana anasema maji ya chumvi yatamtuliza magoti na kumkaushia kakidonda alikonako kwenye kidole gumba cha mguu. Dada yangu amekuja juu: anasema mwili wa mzee hauhimili basi kutwa nzima, insulini itaharibika kwa joto, na mama akipatwa na lolote nisimpigie simu. Mwaka juzi tulikwenda msibani Morogoro, miguu ikavimba, na aliposhuka alikuwa kama mlevi, nikamdaka asianguke. Safari hii mama mwenyewe ameshasema siku ya safari hatakula, hatakunywa, na dawa ya maji ataiacha nyumbani, ili asisumbue watu. Tutakuwa wawili tu, mimi na yeye. Nimpeleke au niache?"

Marahaba, mwanangu. Mpeleke. Lakini kabla ya kukata tikiti kuna mlango mmoja wa kupita, nao si basi, si joto, wala si hiyo miaka 72. Ni kidonda cha kidole gumba, ulichokitaja harakaharaka baada ya magoti. Barua yako imejaa hofu ya barabara. Mimi kilichonishtua ni kidole.

Miaka 14 ya kisukari hufanya mambo mawili miguuni kwa pamoja. Mishipa ya fahamu hufa ganzi polepole, kuanzia vidoleni kwenda juu, na mishipa ya damu huzidi kuwa myembamba. Ganzi humfanya mtu akanyage mwiba au mchanga wa moto asisikie kitu. Uhaba wa damu hufanya jeraha likose chakula, likose kinga, likose hata dawa anayomeza, kwa kuwa dawa nayo husafirishwa na damu hiyohiyo. Ndiyo maana nikiambiwa "kidonda kipo ila hakimuumi," sifurahi. Kwa mwenye kisukari, kisichouma ndicho kinachoweza kutafuna kimyakimya mpaka kifike kwenye mfupa.

Kwa hiyo wiki hii, si wiki ya safari, mpeleke kliniki yake. Avue viatu vyote viwili, aangaliwe nyayo na katikati ya vidole, apapaswe mapigo ya damu juu ya mguu, aguswe kwa kauzi ka nailoni kuona kama bado anahisi. Waulize: kimeingia ndani kiasi gani, na kinafunga au kinapanuka? Kikiwa cha juujuu, kisafi na kinafunga, safari ipo, na watakufundisha kukisafisha na kukifunga. Kikiwa kinatoa usaha au harufu, ngozi imekuwa nyeusi tii, mguu una joto, au mama ana homa, hapo safari ni ya hospitali, na ni leoleo. Vitabu husema tutazame wekundu unaotambaa, ila kwenye ngozi zetu wekundu hujificha. Tumia mgongo wa mkono wako: linganisha joto la mguu huu na ule.

Tuje kwenye maji ya bahari, maana hapo mama hajakosea moja kwa moja. Kuhusu magoti ana hoja. Akisimama kwenye maji ya kiunoni, bahari humbebea karibu nusu ya uzito wake, na yakifika kifuani humbebea zaidi ya hapo. Goti lililosagika hupumua, misuli ya mapaja inafanya kazi bila kulalamika, na mtu ambaye nchi kavu hutembea kwa kushika ukuta unamkuta anatembea huku anacheka. Chumvi haina sehemu kubwa katika hilo. Ni maji kumbeba. Kuhusu kidonda, watu huchanganya vitu viwili. Maji ya chumvi tunayotumia hospitalini yametakaswa, na chumvi yake imepimwa, gramu 9 kwa lita, ili ilingane na mwili. Bahari ina karibu mara nne ya chumvi hiyo na hakuna aliyeitakasa. Ina mchanga, ina maji ya mitaro, na ina bakteria wanaopenda hasa maji ya chumvi yenye uvuguvugu. Jamii moja yao, Vibrio, ikiingia kwenye kidonda cha mwenye kisukari inaweza kuozesha nyama ndani ya siku moja au mbili. Kidonda kikiwa wazi, mguu ule hauingii baharini, hata ukiufunga kwa mfuko wa plastiki na mpira. Maji ni mjanja kuliko mpira.

Dada yako ana haki ya kuogopa, ila ameogopa kitu kisicho chenyewe. Nadhani yeye na mama wamebeba picha ya barabara ya zamani, ya kungoja kivuko Rufiji na kulala njiani masika ikichachamaa. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, na leo takriban kilomita 560 za Dar mpaka Mtwara ni lami. Basi linalopita Rangi Tatu alfajiri hufika siku hiyohiyo. Kilomita hazimdhuru mzee. Kinachomdhuru ni kukaa bila kusogea, kukaa bila kunywa, na kuchoma insulini bila kula.

Chukua miguu kwanza. Damu hushuka miguuni kwa uzito wake, lakini kurudi moyoni lazima isukumwe, na anayeisukuma ni misuli ya shavu la mguu. Kila hatua unayopiga, misuli ile hukamua mishipa kama mtu anavyokamua tui, na ndani ya mishipa kuna vilango vinavyozuia damu isirudi chini. Ukikaa saa nne kitini bila kusogea, mkamuaji amelala. Maji hupenya nje ya mishipa na vifundo vinavimba. Mama ana nyongeza yake: amlodipine yenyewe huvimbisha vifundo vya watu wengi, hata wasiotoka nje ya mtaa. Uvimbe wa miguu yote miwili, unaopungua akilala na kunyoosha miguu, ni kero tu. Ninaouogopa mimi ni wa mguu mmoja, maana hapo huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti yaliyoonyesha kwamba kukaa safarini saa nne na zaidi, iwe kwa ndege, basi, treni au gari dogo, huongeza hatari hiyo karibu maradufu. Bado ni nadra. Lakini mguu mmoja ukivimba, ukauma kwenye shavu na kuwa na joto, au mama akabanwa na kifua na pumzi ikakata ghafla, hata wiki mbili baada ya kurudi, nenda hospitali na uwaambie wazi kwamba alisafiri.

Dawa yake njiani haina gharama. Kila nusu saa, akiwa amekaa, ainue visigino mara ishirini, kisha ainue vidole mara ishirini. Magoti mabovu hayazuii zoezi hili. Soksi za kubana zinazouzwa madukani asivae mpaka kliniki wahakikishe damu inafika vidoleni. Mguu wenye damu haba ukibanwa tena, unaunyima hata kile kidogo ulichokuwa nacho.

Sasa Morogoro. "Kama mlevi" ina washukiwa wawili. Wa kwanza ni sukari kushuka. Insulini ya mchanganyiko ina sehemu inayoanza kazi ndani ya nusu saa, na sehemu inayoendelea kutwa, ikiwa na nguvu zaidi kuanzia kama saa nne baada ya kuchoma. Akichoma alfajiri bila kula, au akala asubuhi akaruka chakula cha mchana, insulini haijui kwamba mama yuko msibani. Inaendelea kushusha. Jasho, kutetemeka, maneno kuchanganyika, miguu kukosa nguvu. Ukimpima ukakuta chini ya 4 (kwa kipimo cha mmol/L), au huna kipimo lakini dalili ziko wazi, mpe sukari vijiko vitatu vinne vya chai kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, subiri dakika 15, pima tena, rudia ikibidi, halafu ale. Akiwa amezimia usimtie kitu mdomoni. Mlaze ubavu na mwende hospitali iliyo karibu.

Mshukiwa wa pili ni presha kushuka anaposimama. Mtu aliyekaa muda mrefu, mwenye maji machache mwilini, aliyemeza dawa za presha, akisimama ghafla damu humwagikia miguuni na kichwa kinakosa. Kosa hili nimelifanya mwenyewe, tayari nikiwa daktari, kwa baba yangu mzazi. Tulikuwa tunakwenda Lindi. Asubuhi nilimpima presha nikajisifu kwamba iko sawa. Sikujiuliza kwa nini mpaka Nangurukuru chupa yake ya maji ilikuwa bado imejaa. Stendi ya Lindi alisimama haraka ili asicheleweshe wenzake, akadondoka kwenye ngazi ya basi na kupasuka juu ya jicho. Tangu siku hiyo nikisafiri na mzee natazama chupa kuliko mashine ya presha. Mama akifika, abaki ameketi watu washuke, akanyage visigino mara kadhaa, asimame ameshika kiti, ahesabu mpaka thelathini, ndipo atembee.

Baba alificha nini? Kilekile anachoficha mama. "Ili asisumbue watu." Mwanangu, mama haogopi kilomita. Anaogopa choo.

Jiweke mahali pake. Basi likisimama porini konda anatangaza kuchimba dawa. Kwa kijana ni suala la dakika moja nyuma ya kichaka. Kwa mwanamke wa miaka 72, mwenye baibui, magoti yasiyoweza kuchutama, abiria hamsini wanangoja na konda anagonga bodi, hiyo si dakika moja. Na mtu pekee aliyefuatana naye ni mwanawe wa kiume. Mama aliyelelewa Mikindani hawezi kukwambia "nishike nichutame." Hatakwambia leo wala kesho. Kwa hiyo amepanga peke yake, na mpango wake una akili kabisa: asiingize kitu ili kisitoke kitu. Bahati mbaya mwili haukubali hesabu hiyo. Akiacha kunywa, mkojo huwa mzito na kukichokoza kibofu, na hamu ya kwenda haja ndogo huzidi badala ya kupungua. Damu nayo huwa nzito. Akiacha kula na ameshachoma, nimeshakueleza.

Kuna jambo huenda hakuna aliyewahi kumwambia: kinachompeleka chooni mara kwa mara huenda ni sukari yenyewe. Sukari ya damu ikipita kama 10, figo hushindwa kuirudisha yote, inamwagika kwenye mkojo, na ikitoka huvuta maji pamoja nayo. Mtu mwenye 15 atahitaji choo kabla hamjafika Kibiti hata kama hajanywa tone. Mwenye 8 anaweza kufika kwa amani. Kwa hiyo wiki tatu za kurekebisha sukari kabla ya safari, kwa ushauri wa kliniki, ni wiki tatu za kupunguza vituo vya kuchimba dawa. Mwambie hivyo. Nimeona wazee waliogoma kupima sukari kwa sababu ya macho na figo wakaikubali kwa sababu ya basi.

Na umchukue mjukuu wa kike. Hili ndilo ningelitaka kuliko soksi na vidonge vyote. Wewe na mama mna heshima kati yenu. Bibi na mjukuu wana utani. Binti wa miaka 13 au 14 anaweza kumwambia bibi "wewe mzee, twende ukakojoe" na bibi akacheka akaenda. Ukisema wewe, ni aibu kwa wote wawili. Kama huna binti, omba wa dada yako, na kwa hila hiyo utakuwa umemwingiza dada kwenye safari bila kubishana naye. Binti awe na khanga mbili za kuzungushia, karatasi, maji, na kistuli cha plastiki ambacho fundi amekitoboa katikati; familia moja niliyoihudumia ilisafiri nacho, na bibi yao akakipa jina la kiti cha enzi. Zipo pia pampasi za watu wazima kwenye maduka ya dawa. Usimnunulie kimyakimya ukamtilia begini. Mwachie mjukuu au dada yako amuulize, na akikataa, amekataa.

Wakati wa kukata tikiti, zungumza na wakala na konda mapema: mama ana kisukari, mnataka viti vya mbele karibu na mlango, na mtahitaji kusimama penye choo chenye mlango. Wengi wao ni waungwana ukiwaambia kabla. Ukiwaambia basi likiwa kwenye mwendo, unaomba hisani. Chupa ya nusu lita iishe kidogokidogo kabla ya Kibiti, nyingine kabla ya Nangurukuru, isipokuwa kama aliwahi kuambiwa apunguze maji kwa ajili ya moyo au figo.

Dawa ya maji isiachwe kienyeji. Soma jina kwenye paketi. Kama ni hydrochlorothiazide kwa ajili ya presha tu, kliniki huenda wakakubali siku ile ameze baada ya kufika. Kama ni furosemide, wengi wanaoimeza ni kwa sababu moyo au figo zinashindwa kutoa maji. Kuiacha kunaweza kumjaza maji mapafuni. Nayo inaweza kusogezwa saa, lakini mwenye kusema isogezwe ni daktari aliyemwandikia, si mama, wala si mimi niliyesoma barua.

Kuhusu insulini, dada yako yuko nusu sahihi. Chupa ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 mpaka 8. Inayotumika huvumilia joto la kawaida la chumba kwa takriban wiki nne. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha majaribio yaliyoiga joto la nyumba za kambi ya Dadaab nchini Kenya, likipanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, na insulini ilibaki na nguvu wiki nne. Safari ya siku nne haiiui. Kinachoiua ni jua la dirishani, buti la basi, gari lililofungwa juani, na barafu. Naam, barafu. Watu huizamisha kwenye barafu kwa mapenzi, ikaganda, na insulini iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka. Izungushie kitambaa chenye unyevunyevu ndani ya mfuko unaopitisha hewa, ikae kwenye mapaja ya mjukuu. Upoaji huo ni kama wa mtungi: maji yanapokauka hubeba joto. Pwani ya Mtwara hewa ina unyevu mwingi, kwa hiyo usitegemee mtungi upoze kama wa Dodoma, ila kivuli na upepo vinatosha. Kabla ya kuchoma, viringisha chupa viganjani. Ya mchanganyiko inapaswa kuwa nyeupe sawasawa kama maziwa. Ukiona madonge au chembe zimeganda ukutani mwa chupa, itupe.

Alfajiri hiyo asichome akitumaini kula ndani ya basi. Sahani iwe mezani, achome, ale. Tambi, chapati na yai, mihogo, anachokizoea. Saa nne asubuhi apate kitu kidogo, na mchana ale chakula kamili hata kama hana hamu. Dozi ya siku ile waulize kliniki mtakapopeleka kidole.

Basi, gari au ndege? Siku nne zenye siku mbili za kukaa kitini ni hesabu mbaya kidogo, nakwambia kweli. Gari la kukodi lina faida moja kubwa: linasimama mnapotaka, kila saa moja na nusu, bila konda. Ndege ya Dar hadi Mtwara ni kama saa moja, na insulini iingie nayo kwenye mkoba wa mkononi, isiende kwenye mizigo. Kama mfuko unaruhusu tikiti moja tu ya ndege, itumie kurudi. Kwenda, mama ana hamu na barabara ataifurahia; kurudi amechoka, amekula vya watu, na ndipo wengi husahau dawa. Nauli ikikataa, ombeni siku moja zaidi kazini ili Jumapili iwe ya kupumzika.

Beba dawa za siku kumi kwa safari ya siku nne, nusu begi lako, nusu begi la mama. Pasaka Kusini ni wakati wa mvua, na mvua zinaweza kukata barabara: Mei 2024, kipindi cha kimbunga Hidaya, ilikatika maeneo ya Somanga na watu wakakwama pande zote mbili. Aliyebeba vidonge vinne alikuwa na siku nne.

Mtakapofika, kuna mtego mmoja mtamu. Barabara ya kutoka Lindi hupita Mikindani kabla ya Mtwara mjini, umbali wa kama kilomita 10. Mama ataiona ghuba, ataiona ile Boma ya Wajerumani ya mwaka 1895 juu ya kilima, na atataka kushuka hapohapo. Usimshushe. Miaka 11 ya salamu haiishi kwa nusu saa, na saa ile sukari yake hamjaipima. Nendeni mjini, apime, ale, achome ya jioni, alale ameinua miguu. Asubuhi mrudi mkiwa na siku nzima. Kwao watapika, na kukataa ni ugomvi, kwa hiyo apakuliwe nusu sahani: samaki wa chumvi aonje tu kwa sababu ya presha, ming'oko na muhogo vihesabiwe kama ugali, na dafu lina sukari na potasiamu, moja kwa siku linamtosha kama figo zake ni nzima. Alale ndani ya chandarua. Mtwara na Lindi bado ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi, na mwili wake umezoea Dar. Homa yoyote mwezi unaofuata, apimwe.

Msimbati nenda, lakini akaone, asioge. Ni zaidi ya kilomita 40 kutoka mjini, ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000, na mkondo wake una nguvu. Mpe kiti cha plastiki chini ya mkorosho, yeboyebo miguuni kwa sababu ya mchanga wa moto, na samaki wa kuchoma. Kuoga, kama kidonda kimefunga, kuwe Shangani, karibu na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Ligula, akiwa na mjukuu mkononi na viatu miguuni hata ndani ya maji. Na waulize wavuvi saa za maji. Pasaka huja siku chache baada ya mwezi mpevu, kwa hiyo mara nyingi huangukia bamvua: maji hupwa yakaacha mawe na miiba, kisha hujaa kwa kasi. Ingieni yakikaribia kujaa na yametulia, kabla jua halijawa kali au likishapoa jioni.

Na kama kliniki watasema kidonda bado, usimwambie mama kwamba safari imevunjika. Mwambie imesogea mpaka Oktoba. Uunganishe Siku ya Nyerere, tarehe 14, na siku mbili tatu za likizo: kusi limekwisha, kaskazi haijaingia, bahari ya matlai imelala, barabara ni kavu na mabibo yanaanza kunukia. Kati ya sasa na hapo mjukuu apewe kazi ya kila jioni, kuangalia nyayo za bibi kwa tochi ya simu, kidole kwa kidole, na kukwambia wewe anachokiona.